Kwa Baiskeli Chini ya Milima ya Vosges

Mwaka 1953 Ufaransa ilizindua Barabara ya Mvinyo ya Alsace, na uzinduzi ukafanywa kwa misafara ya magari. Barabara hiyo inaanzia Marlenheim upande wa kaskazini na kuishia Thann upande wa kusini, kilomita 170 hivi za kupindapinda chini ya milima ya Vosges, mashariki kabisa mwa nchi, karibu na mpaka wa Ujerumani. Magari bado yanapita, na mabasi ya watalii pia. Lakini aliyeitazama Alsace kupitia dirisha la gari ameiona nusu. Vijiji vimeachana kwa kilomita mbili, tatu, mara chache tano. Mizabibu inaanzia palepale ukuta wa nyumba ya mwisho unapokoma. Vilima ni vifupi: vinamtoa mtu jasho, halafu vinamwachia ateremke kabla hajakata tamaa. Hii ni nchi ya baiskeli.

Njia ya baiskeli yenyewe haifuati barabara kuu. Hupita juu yake kidogo au chini yake kidogo, kwenye vijia vya lami ambavyo wakulima huvitumia kufikisha matrekta shambani. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni kipande cha EuroVelo 5, njia ndefu inayotoka Uingereza hadi Brindisi, kusini mwa Italia, ikifuata kwa jumla mapito ya mahujaji wa zama za kati waliokuwa wakienda Roma. Vibao vyake vya kijani havipotezi mtu. Hatari iliyopo ni ndogo na inajulikana: trekta jembamba lenye miguu mirefu, lililotengenezwa lipite juu ya mstari wa mizabibu, likitokea ghafla kwenye kona. Mwendeshaji hukaa pembeni, akampisha mwenye shamba, na wote wawili wakapungiana mikono.

Ukitaka kuielewa Alsace, anza na mteremko. Zamani sana Vosges na Msitu Mweusi wa Ujerumani vilikuwa safu moja ya milima. Ardhi ya katikati ilipasuka na kudidimia, likabaki bonde pana ambamo mto Rhine unapita leo. Kingo za bonde hilo hazikukatika sawasawa. Zilivunjika vipande vipande, miamba ya umri mbalimbali ikalala ubavu kwa ubavu: itale, mawe ya chokaa, mawe ya mchanga mwekundu, udongo wa mfinyanzi, na kule kusini mawe ya volkano. Ndiyo sababu mashamba yaliyopewa daraja la juu kabisa la mvinyo hapa, ambayo ni 51, yametawanyika katika vipande vidogo, na shamba moja huweza kutoa mvinyo usiofanana hata kidogo na wa shamba la jirani. Anayekwenda kwa baiskeli huyaona mabadiliko hayo kando ya njia. Udongo ni wa kijivu, mbele kidogo ni wa manjano, kona inayofuata ni mwekundu, na kila aina ya mwamba ina mwinuko wake.

Milima hiyo hiyo ndiyo inayogawa mvua. Mawingu ya Atlantiki yanagonga Vosges kwa upande wa magharibi na kumwaga maji huko. Sehemu za kileleni hupata milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Colmar, ulio chini upande wa mashariki, hupata chini ya 600, na ni miongoni mwa miji mikavu kuliko yote nchini Ufaransa. Mizabibu imepandwa kwenye ukanda mwembamba, takriban kati ya mita 200 na 400 juu ya usawa wa bahari. Chini zaidi kuna jalidi inayoua machipukizi, na udongo mnono unaofaa mahindi. Juu zaidi ni msitu. Mkulima wa Dodoma, ambaye mizabibu yake humpa mavuno mawili kwa mwaka, angeshangaa kuiona ya Alsace ikilala miezi yote ya baridi, mitupu, ikisubiri mavuno ya mara moja tu.

Mavuno hayo yanabadilika. Wazee wa vijijini walizoea kuvuna Oktoba. Siku hizi kazi huanza mapema Septemba, na katika miaka ya joto kali zabibu za mvinyo wa povu hukatwa Agosti bado haijaisha. Wenye mashamba wanalijadili jambo hili kwa wasiwasi wa kweli, kwani zabibu iliyoiva kwa pupa hubeba sukari nyingi na kupoteza ule uchachu unaoupa mvinyo wa Alsace jina.

Kabla ya kufika vijijini, kuna mtu anayestahili kutajwa, kwa sababu bila yeye vilima hivi vingebaki vya wanamichezo peke yao. Paul de Vivie alizaliwa mwaka 1853, akafanya biashara ya hariri, kisha akaiacha kwa ajili ya baiskeli katika mji wa Saint-Étienne. Mwaka 1887 alianzisha gazeti lililokuja kujulikana kama Le Cycliste, akaandika humo kwa jina la Vélocio. Wakati huo baiskeli ilikuwa na gia moja, na waliojiona mashujaa walishikilia kwamba gia moja inamtosha mwanamume. Vélocio aliwapinga maisha yake yote. Alitengeneza na kujaribu baiskeli za gia kadhaa milimani, akathibitisha kwamba mtu wa kawaida mwenye gia nyepesi humpita mwenye nguvu asiye nayo. Waandaaji wa mashindano ya Tour de France hawakuruhusu mtambo wa kuhamisha cheni hadi mwaka 1937, miaka saba baada ya yeye kufariki.

Vélocio aliacha pia mawaidha kwa wasafiri: kula kabla ya kusikia njaa, kunywa kabla ya kiu, kutojichosha kupita kiasi, na kuacha mvinyo wakati wa kuendesha. Shauri hilo la mwisho linafaa kubandikwa kwenye usukani wa kila baiskeli ya kukodi Alsace. Sheria ya Ufaransa inayokataza kuendesha ukiwa na gramu 0.5 za kilevi au zaidi kwa lita ya damu inamhusu mwendesha baiskeli sawasawa na dereva. Katika ghala za mvinyo huwekwa ndoo ya kutemea, na anayeonja kisha akatema hachukuliwi kuwa mshamba. Asiyekunywa kabisa naye hatoki mikono mitupu. Wakulima wengi huuza maji ya zabibu, na mwenye nyumba hufurahia kueleza kazi yake hata kwa mgeni ambaye hataonja tone.

Sehemu ya kaskazini hupitwa upesi. Obernai ni mji mzuri wenye kuta, na juu yake kuna monasteri ya Mont Sainte-Odile, mita 763, ambako wenye miguu yenye nguvu hupanda asubuhi kabla jua halijawa kali. Barr, Mittelbergheim, Andlau na Dambach-la-Ville hufuatana kwa mpandisho na mteremko, mpandisho na mteremko. Hapa ndipo mwendeshaji mgeni hujifunza kubadili gia kabla ya kilima kuanza. Akichelewa, cheni hukwama chini ya uzito wa mizigo na inambidi ashuke asukume.

Kabla ya kufika Saint-Hippolyte, ngome ya Haut-Koenigsbourg huonekana juu kwenye mwamba wake, mita 757. Kutoka kijijini hadi pale ni mpandisho wa zaidi ya mita 500, mwingi wake ndani ya msitu. Ngome ilikuwa gofu tangu karne ya 17. Alsace ilipokuwa chini ya Ujerumani, mji wa Sélestat ulimpa Kaizari Wilhelm wa Pili gofu hilo mwaka 1899, naye akaamuru lijengwe upya kuanzia 1900 hadi 1908, kuthibitisha kwamba ardhi hii ni ya Wajerumani tangu kale. Miaka kumi baadaye Ujerumani ilishindwa vitani na ngome ikawa mali ya Ufaransa. Mwaka 1937 ilitoka filamu ya Jean Renoir, La Grande Illusion, ambayo baadhi ya sehemu zake zilipigwa humo. Nguvu za kupanda zikiwepo, inafaa kupanda. Kutoka kwenye kuta zake bonde zima la Rhine huonekana, na mtu hufahamu mara moja kwa nini kila mfalme aliitaka ardhi hii.

Kiini cha safari ni kilomita chache kutoka Ribeauvillé hadi Kaysersberg, na anayezipita kwa haraka amejidhulumu.

Ribeauvillé ina magofu ya ngome tatu juu ya mlima mmoja. Hunawihr ina kanisa lililozungushiwa ukuta wa vita, likiwa peke yake katikati ya mizabibu, na Wakatoliki na Waprotestanti wameabudu humo kwa zamu tangu karne ya 17. Kijiji hicho kina sifa nyingine pia. Korongo weupe, ndege wa miguu mirefu wanaojenga viota vikubwa juu ya mabomba ya moshi, walikuwa wamekaribia kutoweka Alsace. Mwaka 1974 zilibaki jozi tisa tu. Nyaya za umeme ziliwaua, uwindaji uliwaua, na ukame wa Sahel uliwanyima chakula walikokwenda kukimbia baridi. Mwaka 1976 kituo cha kuwazalisha kilifunguliwa Hunawihr, na leo jozi zao zimeongezeka sana. Korongo weupe wanaoonekana Serengeti kila mwaka ni wa aina hiyohiyo, ila wale huja kutoka mashariki mwa Ulaya kupitia Bosporus. Wa Alsace hushika njia ya Gibraltar na kuelekea Afrika Magharibi.

Kisha Riquewihr. Lango lake la juu, mnara uitwao Dolder, lilijengwa mwaka 1291. Tangu 1324 hadi Mapinduzi ya Ufaransa kijiji kilimilikiwa na watawala wa Württemberg, Wajerumani wa ng'ambo ya Rhine, na biashara ya mvinyo ndiyo iliyojenga nyumba zake. Inafaa kusimama mbele ya nyumba moja na kuitazama toka chini. Msingi na ghorofa ya kwanza ni mawe, kwa sababu mapipa yanataka ubaridi. Lango la kando ni pana, la kupitisha mkokoteni wenye pipa. Juu ya tao lake umechongwa mwaka, labda 1500 na kitu, na chini ya mwaka kuna alama ya kazi: kisu kilichopinda cha kupogolea mizabibu kwa mkulima, nyundo ya fundi mapipa, mkate uliosokotwa kwa mwokaji. Ghorofa za juu ni fremu za mbao ngumu zilizofungwa kwa vigingi, na nafasi kati ya mbao zimezibwa kwa udongo uliochanganywa na nyasi. Kila ghorofa imetokeza nje kidogo kuliko ya chini yake, hivyo mvua haigusi ukuta na familia hupata chumba kikubwa zaidi kwenye kiwanja kidogo. Viwanja ni vidogo kwa sababu iliyo wazi: kila hatua ya ardhi iliyojengwa ni hatua iliyonyang'anywa mizabibu.

Barabara ya ndani imetandazwa mawe, na mawe hayo yakilowa huteleza vibaya. Saa nne asubuhi mabasi huanza kushusha watu, na kufikia saa sita hata kusukuma baiskeli ni kazi. Anayelala kijijini au kijiji cha jirani huipata Riquewihr saa moja asubuhi, wakati wauza mikate wanafungua na mitaa ni ya wenyeji.

Kilomita chache kusini-mashariki hali inageuka ghafla. Bennwihr na Sigolsheim ni vijiji vya mvinyo kama hivyo vingine, vyenye ardhi nzuri kama hiyohiyo, lakini nyumba zake karibu zote zilijengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 jeshi la Ujerumani lilishikilia eneo la kuzunguka Colmar, na vita vya kulitoa vilikuwa vya nyumba kwa nyumba, theluji ikiwa magotini. Colmar ulikombolewa tarehe 2 Februari 1945, na mapigano yalikwisha tarehe 9. Riquewihr ilisalimika. Bennwihr, Sigolsheim na Ammerschwihr ziliteketea. Kwa baiskeli ni robo saa kutoka kijiji cha miaka mia saba hadi kijiji kisichofikisha hata mia moja, na robo saa hiyo inaeleza vita kuliko makumbusho mengi.

Juu ya Sigolsheim, katikati ya mizabibu, kuna makaburi ya kitaifa yenye wanajeshi zaidi ya 1,500 wa Jeshi la Kwanza la Ufaransa, lililoongozwa na Jenerali de Lattre de Tassigny. Mawe mengi yana umbo la tao na maandishi ya Kiarabu: ni Waislamu kutoka Morocco, Algeria na Tunisia, waliokufa kwenye theluji kwa ajili ya vijiji ambavyo hawakuwahi kuvisikia. Mpandisho wa kufika pale ni mkali. Kila mwendesha baiskeli anayepita Kaysersberg anapaswa kuupanda, na hasa Mwafrika.

Wenyeji nao walibeba mzigo wa namna yao. Alsace ilichukuliwa na Ujerumani mwaka 1871, ikarudi Ufaransa 1918, ikachukuliwa tena 1940, ikarudi tena vita vilipokwisha. Tangu Agosti 1942 vijana wapatao 100,000 wa Alsace walilazimishwa kuingia jeshi la Ujerumani, wengi wakapelekwa kupigana na Warusi. Kwa hiyo kwenye viwanja vya vijiji hivi mnara wa kumbukumbu haufanani na wa sehemu nyingine za Ufaransa. Kwingineko jiwe hutangaza kwamba waliotajwa waliifia Ufaransa. Hapa mara nyingi jiwe husema tu kwamba hawa ni wafu wetu, na majina yanafuata. Ni rahisi kuupita mnara huo ukitafuta mgahawa. Anayesimama na kusoma huona jina la ukoo mmoja likirudiwa mara tatu au nne.

Kaysersberg ndiko alikozaliwa Albert Schweitzer tarehe 14 Januari 1875, mchungaji na mpiga kinanda aliyesomea udaktari, akafungua hospitali Lambaréné, Gabon, mwaka 1913, na kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1952. Kijiji kina makumbusho yake. Aliwatibu maelfu, hilo halina ubishi. Lakini aliwaona Waafrika kama wadogo zake wa kuongozwa, na Waafrika wengi walimkosoa kwa hilo angali hai. Mambo yote mawili ni kweli, na mgeni kutoka Afrika ana haki ya kuingia mle akiwa nayo yote kichwani.

Kusini ya hapo ardhi hulainika kidogo. Turckheim bado ina mlinzi wa usiku ambaye wakati wa kiangazi huzunguka mitaani saa nne usiku akiwa na taa na mkuki, akiimba kwa Kialsace. Eguisheim, alikozaliwa Papa Leo wa Tisa mwaka 1002, imejengwa kwa mitaa ya duara inayoizunguka ngome, hivyo anayeendesha baiskeli polepole hujikuta amerudi alikoanzia bila kugeuza kona. Huko ndiko pa kula flammekueche, unga uliosukumwa mwembamba, ukapakwa krimu na kutiwa vitunguu na nyama ya nguruwe, kisha ukaokwa kwa dakika chache. Wenyeji husema mwanzoni ulikuwa wa kupimia joto la tanuri kabla ya kuoka mikate ya wiki. Asiyekula nguruwe aombe wa uyoga au jibini, haombi jambo geni.

Baada ya Rouffach na Guebwiller milima inasogea karibu na kuwa mirefu. Grand Ballon, kilele cha juu kuliko vyote vya Vosges, kina mita 1,424. Mbele zaidi kuna Ballon d'Alsace, mlima ambao Tour de France iliupanda mwaka 1905, René Pottier akifika juu wa kwanza, na ambao husimuliwa kuwa mlima mkubwa wa kwanza katika historia ya mashindano hayo. Watu wa mizigo na familia wanauacha bila aibu. Wenye baiskeli za umeme, ambao siku hizi ni wengi na wengine wamevuka miaka sabini, wanaupanda bila aibu vilevile.

Thann ndio mwisho. Shamba lake maarufu, Rangen, liko juu ya mawe ya volkano, kwenye mwinuko mkali kiasi kwamba trekta la kawaida halifai na kazi nyingi hufanywa kwa mikono. Baiskeli huachwa chini, mtu akapanda kwa miguu. Kutoka juu huonekana mnara wa kanisa la Mtakatifu Thiébaut, uliokamilika mwaka 1516, kwa mawe yaleyale ya milima hii.

Anayekusudia kuja afike mwishoni mwa Mei au katikati ya Septemba. Julai na Agosti ni joto na umati, na wakati wa mavuno baadhi ya vijia vya shambani hufungwa, kwa hiyo vibao viheshimiwe. Kilomita 40 kwa siku zinatosha. Zaidi ya hapo vijiji vinageuka kuwa orodha ya majina. Breki zikaguliwe kabla ya kuondoka Marlenheim, na tyubu ya akiba iwemo mfukoni. Kurudi si tatizo. Treni za mkoa kati ya Strasbourg, Colmar na Mulhouse hupokea baiskeli, na tangu Desemba 2010 kuna tramu-treni inayotoka bonde la Thann hadi katikati ya Mulhouse.